Kadzo Wawili katika Kompyuta Moja

Jumanne, katika duka moja la kompyuta hapa Gede, mwanamke aliweka kompyuta yake na diski mbili mbele ya fundi. Moja ilikuwa na sauti ya marehemu mama yake, iliyotakiwa matangani kesho yake. Nyingine ilikuwa na picha za mwanawe mchanga. Fundi alizichomeka zote, akafungua "Kadzo". Zikatoka picha za mtoto tu.

Mwanamke akashika kichwa. "Mama amefutika!"

"Hajafutika, dada. Diski zote mbili umeziita Kadzo?"

"Sasa mtoto angeitwa nani, kama si bibi yake?"

Fundi akaeleza kwamba diski inayotangulia kuchomekwa hupewa jina hilo, na ya pili huongezewa namba. "Mama yako huyu hapa: Kadzo 1."

"Mama yangu apewe namba, nyuma ya mtoto ambaye hajaota hata jino?"

Fundi akacheka, akaipangia kila diski jina na mahali pake pa kudumu katika kompyuta hiyo, yoyote itakayotangulia: Kadzo Mkubwa na Kadzo Mdogo, kama tufanyavyo majumbani mwetu tangu zamani. Kisha akabonyeza, na sauti ya kizee ikajaa dukani: "Nani kaacha mlango wazi? Kuku wanaingia!"

Mwanamke akacheka huku machozi yakimtoka. Sisi tulioketi kwenye foleni tukautazama mlango. Mimi, na umri wangu huu, niliinuka nikaufunga.