Ramadhani ya Badriya Pangani

Bi Ruqaya wa Malindi ya Unguja alikuwa mshonaji kofia, na Mungu alimjaalia mtoto mmoja tu, Badriya. Alipomwoza kwa kijana wa Pangani aitwaye Mmanga hakuona kuwa anampeleka mbali. Kweli kule bendera ilikuwa ya Wadachi, yaani Wajerumani, na huku ya Sultani, na Mwingereza nyuma yake, na msafiri siku hizo alitakiwa cheti. Lakini watu wa Pangani na wa Unguja walioana tangu enzi za mababu, adhana yao moja, na samli ya huko mrima ilishuka forodhani kila wiki.

"Bendera kitambaa tu," alizoea kusema.

Shaabani ya mwaka 1914 ikaja barua. Badriya ana mimba ya miezi saba, anataka kuja kwao, maana mimba ya kwanza mtu huzalia kwa mama yake. Bi Ruqaya alifurahi mpaka akajidunga sindano. Kisha akaanza kuwaza, kama kawaida yake. Ramadhani i mlangoni. Mke wa mwaka mmoja akimkimbia mkwewe mwezi wa futari, watu watasema nini? Watasema hakufunzwa. Akaandika kwa herufi zake za Kiarabu alizojifunza chuoni: "Mwanangu, kaa na wakweo mwezi huu mtukufu. Ukishasali Idi, njoo."

Mfungo haujafika nusu, vita vya Mwingereza na Mdachi vikatangazwa. Bi Ruqaya alijitanda kanga mbio akaenda forodhani kwa Hashil, karani aliyemjua tangu utotoni.

"Shikamoo, Bi Ruqaya."

"Marahaba, mwanangu. Nnataka cheti cha Pangani."

"Pangani hakwendeki. Hata barua haziendi. Kule kwa adui."

"Adui nani?"

"Mdachi, bibi."

"Mimi sikumwoza mwanangu kwa Mdachi, Hashil. Nimemwoza kwa Mmanga, mpwa wa fundi Nasser wa hapo Mkunazini. Babu yake kazikwa hapa hapa."

Hashil alitazama mlango. "Sema polepole, bibi. Siku hizi kuta zina masikio."

Nyumbani jirani yake, Bi Kurwa, akamfanyia mzaha. "Mkwe wa Wadachi huyo! Mwambie mkweo asitupige mizinga."

Walicheka wote wawili. Mfungo mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, ulipokuwa unakwisha, mizinga ya manowari ya Wadachi ikaipiga meli ya Waingereza bandarini, madirisha ya Malindi yakatetemeka, na tangu asubuhi ile Bi Kurwa akawa hamsalimu. Bi Ruqaya hakumjali. Alikuwa akihesabu siku za mwanawe kujifungua. Alizihesabu zikamalizika, naye hana habari ya heri wala ya shari.

Vita vilipotimiza miaka miwili, Waingereza waliitwaa Pangani, na baada ya miezi kadhaa Bi Ruqaya akapewa cheti.

Mlangoni kwa wakwe kule Pangani alimkuta mkwe mwenziwe, Bi Hija, mama yake Mmanga, na mtoto wa kike kiunoni. Bi Ruqaya aliangaza nyuma yake, ukumbini, mpaka uani.

"Badriya yuko wapi?"

Bi Hija alikaa palepale kizingitini. "Siku ya pili ya uzazi, dada. Damu haikusimama. Na mumewe Mmanga, Wadachi walimchukua upagazi wa vita, hakurudi."

Bi Ruqaya akakaa ubavuni mwake, wakalia pamoja. Kisha Bi Hija akasema, "Nisamehe. Nlimwambia aende kwenu Shaabani. Akanambia, 'Mama, nimependa mwenyewe kufunga na wewe.' Ningemshika mkono nikampakia chomboni, angekuwa hai. Miaka miwili usingizi wangu si usingizi."

Bi Ruqaya akaelewa. Ile barua haikuonyeshwa mtu. Badriya alimsitiri mama yake. Bi Ruqaya angeweza kunyamaza, na mzigo ungebaki kwa Bi Hija aliyekwishajitwisha.

"Si wewe," akasema. "Mimi ndiye niliyemwandikia abaki."

"Wewe?"

"Nliogopa watu watasema nini."

Bi Hija akamtoa mtoto kiunoni, akamweka mapajani pa Bi Ruqaya. Mtoto aliangua kilio, akanyoosha mikono kumtaka bibi yake, yule aliyemjua.