Kioo Kilichomtoa Koko Sebuleni

Wiki iliyopita nilirudi kwetu, mji wa Baraka, rafiki yangu, na mpaka sasa sijatulia. Nilifikia nyumbani kwa marehemu nyanya yangu, tuliyemwita Koko. Siku hizi anakaa humo shangazi. Televisheni ile ya zamani, yenye kisogo kikubwa, bado ipo sebuleni, imefunikwa kitambaa.

Utotoni, jirani alikuwa akiwasha jenereta jioni na kutuvutia waya. Tuliharakisha kazi zote, kuteka maji, kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, kuanua dagaa, kisha tukabanana mkekani huku harufu ya petroli ikichanganyika na ya bugali. Koko alikaa mbele yetu sote, pua karibu iguse kioo, akiwagombeza wachezaji wa mpira kama wajukuu zake.

Halafu macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mwalimu wetu, ambaye hakuna aliyembishia, akamwambia baba, "Kile kioo iko na mionzi ndani. Ndiyo inakula macho ya Koko."

Tangu siku hiyo Koko alihamishiwa nje, jikoni, kando ya rundo la majivu. Tukishangilia, alipaza sauti, "Batoto, nani ameingiza?" Tulimjibu juujuu, au hatukumjibu kabisa. "Haina mambo," alisema, "mi naona na masikio." Aliishi hivyo miaka, mpaka akafariki.

Sasa sikia. Jamaa mmoja ninayefahamiana naye, ambaye kazi yake ni kupima mionzi kwenye mifuko ya madini, alikuja kula kwetu na kile chombo chake. Nikamwomba apime kioo. Chombo kikalia tik, tik, tik, haraka kuliko kilivyolia mlangoni. Kumbe mwalimu alisema kweli! Nikamwita shangazi, tukaitupe televisheni palepale.

Yule jamaa akacheka. Akaenda jikoni, akakisogeza chombo kwenye majivu ya maganda ya ndizi, yale ambayo shangazi huyachuja apate chumvi ya sombe, kama alivyofanya Koko. Kikalia vilevile.

"Ni kitu moja," akasema. "Potasiamu, inatoa mionzi. Iko mu kioo, iko mu majivu, hata mu mwili yako iko. Ni kidogo sana, haiwezi kupofusha muntu. Ule ukungu ni ya uzee tu."

Ina maana tulimtoa kwenye kioo, tukaenda kumkalisha kwenye majivu! Tena bure!

Jenereta ya jirani haipo tena. Watoto wanatazama mpira kwenye simu, kila mmoja na yake. Televisheni nimesema ibaki. Kabla ya kuondoka nilikaa jikoni, mahali pake, nikamwomba shangazi aongee sebuleni kama kawaida. Nilitega masikio weee. Ukuta ule ni mnene, rafiki yangu. Sikusikia hata neno moja, mpaka watoto walipopiga kelele za bao.