Kikosi cha Fundi Cherehani

Fundi cherehani wetu huchagua kikosi kwa jicho lile lile analokadiria suruali: anainamisha kichwa, anafumba jicho moja, kisha kidole chenye vumbi la chaki kinagusa simu. Mchezo unamruhusu kuingiza wapiganaji wanne tu dhidi ya jitu la mwisho, na kila mara mmoja wao ni mpiga ngoma asiye na hata kisu. Sisi wateja wa benchini humjia juu, na kinara wa ushauri ni mimi. "Mama, mtoe huyo, weka mwenye upanga!"

"Tulia, mwanangu. Huyu hapigi mtu, ila akiwepo wenzake hawachoki."

Jana sare za kwaya zilitakiwa jioni na kazi ilikuwa bado imemwelemea. Akaweka simu chini, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja, akatutazama sisi. Muuza nyama akapewa pasi. Mwalimu akapewa vifungo. Dada wa saluni akapewa mkasi. Mimi nikakunja mikono ya shati, nikingoja upanga wangu.

"Wewe kaa hapo hapo utuchekeshe," akasema. "Tena anza sasa hivi, wenzako wasichoke."