Watatu Waliohamia Chumba cha Pili

"Ameniibia darasa zima mchana kweupe! Bado kidogo ataniiba na mimi mwenyewe!"

Mwalimu mkuu akaweka penseli chini. "Watoto watatu, mwalimu. Watatu siyo darasa zima."

"Leo watatu, kesho kumi, keshokutwa utanikuta nafundisha madawati!"

Anayelalamika hapo ni Mama Chaki wa darasa la kwanza A. Jina alipewa na watoto, maana mifuko ya magauni yake yote, hata lile la harusini, haikosi vipande vya chaki. Miaka ishirini na tisa yuko chumba kile kile, cha kwanza ukipita geti, chenye mlango unaolia kama mbuzi. Huyo mwalimu mkuu mwenyewe alipitia humo, kamasi mpaka kidevuni, na Mama Chaki haachi kumkumbusha, hasa kukiwa na wageni.

Kisa ni hiki. Kengele ya kumaliza mapumziko ilipogongwa, Mama Chaki alihesabu vichwa vyake: thelathini na nane. Akarudia kwa kidole. Watatu hawapo. Akaangalia chooni, akaangalia nyuma ya tangi la maji, kumbe wako chumba cha pili kwa yule mwalimu mpya, wamekaa sakafuni, madaftari mapajani, wametulia kama wamezaliwa humo.

"Mnafanya nini huku?"

"Tunasoma, mwalimu," mmoja akajibu, hata hakuinua kichwa.

Jibu hilo lilimchoma kuliko tusi. Na lilikuja siku mbaya. Mwakani la kwanza litakuwa chumba kimoja tu, mwalimu mmoja. Orodha ya mgawo wa walimu ilikuwa pale mezani kwa mkuu, na Mama Chaki anasoma maandishi ya kichwa chini miguu juu vizuri kuliko wewe unavyosoma gazeti. Jina lake lilikuwa kwenye darasa la nne.

Lakini tuseme ukweli wote. Mwanzoni mwa mwaka watoto wa la kwanza hugawanywa kwa walimu wawili, na Mama Chaki kwa ukubwa wake huchagua kwanza. Mwaka huu alichagua kama mtu anayenunua nyanya sokoni: anabonyeza, ananusa, anatia kapuni. Waliopitia chekechea, wapole, wanaojua kushika penseli, wote kapuni. Wanaong'ata wenzao, wanaopanda madirisha, na yule mmoja anayeitwa Nyuki kwa sababu hakai wala hanyamazi, akamsukumia mgeni.

"Chukua, mwanangu. Hawa wamechangamka."

Jioni akamwambia mumewe, fundi cherehani, "Yule binti hamalizi wiki mbili."

Siku ya tatu akamkuta binti stoo ya vitabu analia, sauti imekauka kabisa. Mama Chaki akajisikia mkubwa, na akijisikia mkubwa huwa hana choyo.

"Futa machozi, unisikilize. Asubuhi usikae mezani. Simama mlangoni, kila mtoto umwite jina lake kabla hajaingia. Wakipiga kelele usishindane nao, wao ni wengi. Wewe nong'ona. Watanyamaza wenyewe wajue unasema siri gani. Huyo Nyuki usimtoe nje, mpe kazi, tena kazi ya kuonekana. Na daftari la mtoto usilijaze mikwaju ya kalamu nyekundu. Tafuta herufi moja aliyoipatia, umwonyeshe hiyo kwanza. Siku zitakazokushinda zipo. Kesho yake rudi tu."

"Na wewe ndivyo unavyofanya, mwalimu?"

"Ndivyo," akasema Mama Chaki, akageuka haraka kutafuta chaki mfukoni.

Miezi ikapita. Mama Chaki akaanza kupita dirisha la chumba cha pili mara nne kwa siku, kisingizio chake ufutio umepotea. Akamwona Nyuki anagawa penseli, kifua mbele, kama meneja. Akawaona wale wang'ataji wameinama wote wanasikiliza mnong'ono. Roho ikamuuma. Akatafuta kasoro: mwandiko wa ubaoni umepinda, sketi imebana, kicheko kirefu mno. Kisha akarudi kwake, kwa wapole wake, wawili wamelala tayari, akakaa mezani, akagonga rula mpaka ikapasuka.

Nyumbani fundi cherehani akamwuliza, "Zile wiki mbili bado hazijaisha tu?"

"Kula."

"Nauliza tu, mke wangu."

"Kula, nimesema."

Sasa pale ofisini binti akaitwa. Akaingia na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mwalimu. Nisamehe, sikuwaita. Nilidhani umewatuma."

"Niwatume kwako? Kwani mimi sijui kufundisha?"

"Hayo ya kunong'ona na kusimama mlangoni ninayokuona ukiyafanya," mkuu akamwuliza binti, "ulifundishwa chuoni?"

"Chuoni? Si alinifundisha yeye! Stoo, siku ya tatu. Nimeyaandika yote nyuma ya daftari la mahudhurio, nayasoma kila asubuhi."

"Nilikupa maneno!" Mama Chaki akafoka. "Watoto sikukupa!"

Mkuu akaanza kucheka, kisha akaacha. Akaivuta ile orodha, akaikunja mara mbili.

"Mimi nilikuwa Nyuki wa mwaka wangu," akasema polepole. "Ulinipa kazi ya kugawa chaki. Ulikuwa unasimama pale mlangoni, unaniita jina, na ulikuwa unanong'ona mpaka tunasogeza madawati mbele tukusikie. Mwalimu wangu, uliacha lini?"

Mama Chaki akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha chaki, akakitazama kama amekiokota njiani. Akakirudisha. Akachukua daftari lake, akatoka. Wakasikia viatu vyake barazani, vikapita chumba cha pili bila kusimama, kisha ule mlango ukalia kama mbuzi.