Konokono Walioanikwa Juani

Siku ile ufukweni mwa ziwa, Nchelenge, tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu Lusaka, jirani yetu mvuvi, na mke wake. Ilikuwa miaka ya sabini. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, na mimi nilikuwa nimeacha shule nikiwa bado mtoto ili huyu mdogo asome.

Kule chuoni wengi waliomba udaktari, wachache wakachukuliwa. Alama zake zilikuwa za katikati. Mwalimu wake alikuwa akiandika makala juu ya kichocho, akamwambia: niletee konokono wa ziwa lenu, jina lako litachapishwa chini ya langu. Mdogo wangu aliamini jina hilo lingewafanya wachaguzi wamtazame tena.

Siku mbili yeye na jirani waliokota konokono kwenye matete. Walipokwenda kuulizia lori la kwenda Lusaka, nikaona beseni la konokono limejaa maji. Kwetu hakuna kitu kinachosafiri kikiwa kibichi. Nikawaosha, nikawaanika kwenye mkeka pamoja na dagaa.

Waliporudi, jua lilikuwa limemaliza kazi.

“Yaya,” akasema mdogo wangu, kama tunavyomwita mkubwa wetu, “ulifanya nini?”

“Nilibakausha. Bangeoza mu njia.”

“Tunatafuta bazima. Dudu ya kichocho inatokaka mu konokono muzima.”

Mke wa jirani, aliyekuwa akisonga ugali, akacheka. “Basi docta, tutabakula na bukari.”

Mdogo wangu hakucheka. Lori lilikuwa linaondoka kesho kutwa. Nilishindwa kukaa, nikaenda hadi kwenye mitumbwi, nikarudi, nikaenda tena. Mwisho nikamwomba jirani waanze upya.

“Dagaa inaingia muzuri hii wiki, Yaya,” alisema. Akautazama wavu wake. Kisha akamgeukia mdogo wangu. “Ukikuwa munganga, utapima batoto bangu. Banakojoa damu.”

“Nitabapima.”

Wakaingia tena majini. Konokono wapya walisafiri ndani ya debe la bati, katikati ya majani mabichi, magotini pa mdogo wangu.

Makala yalitoka. Kwenye usaili mzee mmoja aliyashika mkononi, akauliza: konokono walifikaje wazima? Mdogo wangu akaeleza yote, hata mkeka wangu. Wakamchukua. Kama ni kwa jina lililochapishwa au kwa jibu lile, hajui mpaka leo.

Walipomaliza kumfundisha, walimpeleka hospitali ya mbali. Nimemwandikia mara nyingi juu ya watoto wa jirani. Jirani haniulizi, ananisalimia tu. Wanawe wawili sasa wanavua naye, na bado hawajapimwa.