Bomba Fupi Chini ya Boti ya Kambale

Kigoma tunalijua ziwa, kwa hiyo shemeji yangu Kambale aliponipigia simu kutoka Goma kwamba boti yake inachemka, nilimcheka. Mtu wa Butembo, mji wa milimani, aliyezeekea kwenye usukani wa lori, na boti wapi na wapi? Kisha akaniambia jambo lililonikata kicheko. Dada yangu Zaina, mkewe, alikuwa Minova alikokwenda kuuza vitenge. Mimba yake ilikuwa imekomaa, na vita vilikuwa vimeifunga barabara ya Sake iendayo Goma. Njia ya kumrudisha Goma ilikuwa Ziwa Kivu tu. Nikafunga spana zangu.

Njiani nilipita Rwanda kwa basi, kona baada ya kona. Mpakani nilivuka kwa miguu katikati ya akina mama wenye mabeseni ya nyanya kichwani. Wao walikuwa wakiingia Goma na kutoka, kana kwamba vita ni mvua ya kawaida.

Goma imekaa juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na volkano. Nyumba ya Kambale, mtaa wa Katoyi, ilikuwa imejaa ndugu wa jirani waliokimbia kutoka Rutshuru. Nililala kati ya masufuria na magunia. Mizinga ilisikika upande wa magharibi, na watoto hawakuinua hata vichwa.

Asubuhi, ufukweni, Kambale alinionyesha boti. Injini ya zamani ya dizeli, iliyopozwa kwa maji ya ziwa lenyewe: pampu inayavuta, yanazunguka ndani ya chuma, yanatoka nje. Kwetu mpango huo huenda miaka mingi. Lakini maji ya Kivu yana chumvichumvi yake. Nilipofungua njia za maji nilikuta zimezibwa na ukoko mweupe, na chini ya ukoko chuma kimeliwa hadi kinamong'onyoka kwa kidole.

“Shemeji, tutafanya je?” Kambale aliuliza. “Miye nilifikiri tuweke radiatere ya kamyo.”

“Rejeta ya lori? Ndani ya sanduku la injini upepo utatoka wapi?”

“Kamyo iko na feni!”

“Feni itazungusha joto lilelile.”

Nilimweleza njia nilizoziona. Tungeweza kununua pampu mpya na kuendelea na maji ya ziwa, lakini chuma kile chembamba kingetoboka upesi. Tungeweza kuweka pipa la maji juu na mpira wa kuteremshia, dawa ya dharura, tena la kujazwa kila mara. Au tupitishe bomba chini ya tumbo la boti, tulijaze maji safi ya mvua na kulifunga, yawe yanazunguka humo humo. Ziwa lilipoze bomba kwa nje tu, lisiguse injini. Hilo ndilo nililolitaka. Tulitafuta bomba mji mzima tukapata kipande kifupi. Nilikichomelea, nikaziba palipoliwa, nikamwambia Kambale wazi kwamba boti ikibeba mzigo mkubwa bomba hilo halitatosha.

Kwenda Minova boti ilikuwa nyepesi, nayo injini haikutoa hata mvuke. Nilijisifu moyoni, na sioni haya kusema.

Minova, watu walikuwa wamejaa ufukweni na magodoro yao. Nani angewaambia wabaki? Kambale alijaribu, kisha akaanza kuwapokea magodoro. Zaina tulimlaza chini kabisa, juu ya godoro, maana mgongo ulikuwa ukimuuma. Watoto wadogo walilazwa pembeni yake, kuku wakasukumwa chini ya ubao.

Alfajiri tuliondoka. Ziwa lilikuwa limetulia, na ukungu umekaa juu ya maji. Tulipofika chini ya mawe ya Mugunga, karibu na Goma, bomba lilikuwa la moto hata siwezi kuligusa. Nilimwambia Kambale apunguze mwendo, tutambae hivyo hivyo hadi mjini. Lakini dereva wa lori ni dereva wa lori. Gari ikichemka mlimani unaiweka kando, unatia jiwe nyuma ya gurudumu, unasubiri.

“Ngoja nigare pale, moteri ipoe kidogo,” alisema, yaani aegeshe, akakata usukani kuingia kwenye kighuba kilichozungukwa na mawe.

Mle hapakuwa na ndege hata mmoja. Maji hayakucheza. Kambale alikuwa bado hajazima injini; ilikohoa, ikakata yenyewe. Niliipiga starta, ikazunguka bila kuwaka. Dizeli ilikuwepo. Hiyo si tabia ya injini iliyochemka.

Mama Riziki, abiria aliyewahi kuishi kambi ya wakimbizi ya Mugunga, aligeuka akatazama chini.

“Mbona batoto bananyamaza?”

Kweli. Tangu Minova walikuwa wakilia, na sasa kimya. Aliwasha kibiriti, akakiteremsha taratibu chini ya benchi. Moto ulizimika kana kwamba ameuchovya majini.

“Mazuku!” alipiga kelele. “Simameni bote! Musilale! Mutoto kwa bega!”

Mazuku ni hewa mbaya itokayo ardhini. Haina rangi, ni nzito, huzima moto na injini, hujikusanya mabondeni asubuhi pasipo na upepo. Kambini iliwaua watu waliotandika mahema mahali palipoinama. Sasa ilikuwa imejaa ndani ya boti yetu, ikipanda kutoka chini, nasi tuliosimama hatukuiona.

Watoto wakanyanyuliwa, wamelegea, wakapitishwa mkono kwa mkono hadi mabegani. Nilivuta pumzi, nikainama kwa Zaina. Alikuwa anatabasamu.

“Niache, kaka,” alisema. “Nimepata usingizi mtamu.”

Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoliogopa tabasamu lile. Nilimkumbatia kwapani nikamsimamisha kwa nguvu, huku wengine wakipiga kasia kwa mbao na vifuniko vya sufuria. Tulipotoka kwenye mawe upepo ukatupiga usoni, mtoto mmoja akakohoa, akalia, na wenzake wakamfuata. Zaina alitapika. Injini iliwaka mara moja, tukatambaa nayo hadi Goma. Kuku walibaki chini ya ubao, macho wazi.

Tulipotia nanga, Mama Riziki aliweka kiganja kwenye tumbo la Zaina. Kambale alipiga magoti kwenye mawe. Tulingoja, tukangoja.

“Anacheza,” Mama Riziki alisema mwishowe, na Kambale akalia mbele ya watu bila kujificha.

Kabla ya kurudi Kigoma nilipata kipande kingine cha bomba, nikakiunga. Nimejifunza kwamba bandari tulivu ya kwetu ni kaburi la kwingine, na kwamba mgeni aulize hata hewa ya mahali. Zaina alijifungua salama, mtoto wa kike. Juzi nilimpigia Kambale kuuliza habari zao.

“Mutoto iko bien, shemeji,” alisema. “Analia muzuri. Lakini Zaina anakatala kumulaza. Usiku wote anakaa, amemushika juu.”