Mama Mawe na Waliopumzishwa

Ukiingia ofisini kwa Mama Mawe, kwanza unatafuta pa kuweka mguu, halafu pa kukaa utajua baadaye. Kuna mawe juu ya kabati, mawe dirishani, jiwe linalozuia mlango usijifunge, na jiwe jingine jekundu linalokandamiza karatasi za mitihani zisipeperuke. Hata kiti cha wageni kimebeba mawe. Mgeni wa heshima huondolewa mawili matatu apate kukalia ukingo. Wengine husema shida zao wakiwa wamesimama. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa siri, miaka mingi iliyopita. Alipolisikia hakununa. Alilipenda, akaliandika kwa mkono wake kwenye kipande cha karatasi na kukibandika mlangoni, chini ya kibao kinachosema yeye ni profesa wa jiolojia.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa katika idara ile, na kwa muda mrefu akawa wa kwanza na wa mwisho. Mwili wake mdogo, sauti yake kubwa, na mkutanoni hana mdogo hana mkubwa. Mkuu wa idara, bwana mpole ambaye hawezi kumaliza sentensi bila kusema “kwa kweli”, alikuwa anajua kwamba Mama Mawe akivua miwani yake na kuiweka mezani, siku hiyo chakula cha mchana kitachelewa.

Kitu kilichomkera kuliko vyote ni kwamba wanawake walikuwa hawadumu pale. Baada yake walikuja watatu, wakaondoka watatu. Mmoja alihamia benki. Mmoja akaenda kufundisha sekondari. Wa tatu, kwa maneno ya Mama Mawe mwenyewe, aliolewa na kampuni ya migodi. Kila alipoondoka mmoja, Mama Mawe aliwafokea wanaume wa idara mpaka wakaona haya kwa makosa ambayo hata hawakuyajua. Chuo kilipounda kamati ya kuwasaidia walimu wanawake wasiondoke, hakuna aliyejikuna kichwa kutafuta mwenyekiti. Kiti kilikuwa chake kabla hakijatengenezwa.

Ndipo alipokuja Dokta Nyundo. Huyu naye jina alipewa na wanafunzi, maana nyundo yake ya kupasulia miamba haikutoka kiunoni, awe darasani, maktabani au kantini kwenye foleni ya chai. Mama Mawe alimpenda siku ile ile ya kwanza. Alimtafutia ofisi yenye dirisha, akamgawia baadhi ya mawe yake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Dokta Nyundo alipojifungua, Mama Mawe alikwenda kumwona akiwa na nepi za kutosha mapacha. Na aliporudi kazini, mtoto akiwa bado ananyonya, Mama Mawe alikata shauri kwamba huyu haondoki, iwe isiwe.

Katika idara ile hakuna jambo kubwa kama kambi. Kila mwaka wanafunzi hupelekwa milimani kwa wiki tatu, wanalala kwenye mahema, wanapanda miteremko na kuchora ramani za miamba. Haikuandikwa popote kwamba mwalimu lazima aongoze kambi. Lakini kila kilipokaa kikao cha kumthibitisha mtu kazini, mzee mmoja pale mezani aliuliza kwa upole kama mwenzetu huyu amewahi kuongoza kambi, na kama jibu ni hapana, kimya kilichofuata kilitosha kumkosesha kazi. Mama Mawe alilichukia swali lile. Alisema ni kisingizio cha watu wenye roho mbaya. Yeye mwenyewe halikumgusa, kwa kuwa alikuwa amekwenda kambini kila mwaka.

Siku ya kupanga kambi, kabla mkuu wa idara hajafika kwenye “kwa kweli” yake ya kwanza, Mama Mawe alivua miwani.

“Huyu mama wa mtoto msimsumbue,” alisema. “Mwacheni apumzike.”

Wanaume wote wakaitikia kwa vichwa, wamejaa huruma. Mmoja akajitolea kushika nafasi yake. Dokta Nyundo alifungua mdomo, akamtazama Mama Mawe, akaufunga. Mama Mawe akampapasa mkono chini ya meza, ameridhika moyoni.

Alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe haikuwa ndogo. Yeye hakupumzishwa na mtu. Binti yake alipokuwa mchanga kabisa, kambi ilitangazwa naye akaenda, mtoto akabaki kwa bibi. Wiki ya kwanza alikuwa akijificha nyuma ya mwamba, anakamua maziwa na kuyamwaga chini huku analia. Wiki ya pili maziwa yakakata. Aliporudi, vumbi tele kichwani, akamnyanyua mwanawe, mtoto akapiga kelele akitaka arudishwe kwa bibi yake. Kambi zikaendelea, mtoto akakulia kwa bibi. Mpaka leo, mtu mzima mwenye kazi yake, binti huyo humwita bibi yake “mama”, na mama yake humwita “Mama Mawe” kama wanafunzi wanavyomwita. Nyumbani watu walicheka sana kwa hilo. Naye alicheka pamoja nao, lakini lilimkata maini kila mara, na ndiyo maana aliapa kwamba hakuna mwanamke mwingine atakayepitia aliyopitia yeye.

Siku chache baadaye alimpelekea Dokta Nyundo kofia ya sufu aliyomfumia mtoto. Akamkuta amekunja mikono ya blauzi, anapanga vitabu ndani ya maboksi. Mawe aliyompa yalikuwa yamepangwa mezani, tayari kurudishwa. Dokta Nyundo hakumzungusha. Alimwambia amepata kazi katika kiwanda cha saruji na ataanza mwezi ujao.

Hasira ikampanda Mama Mawe. Akataka atajiwe jina la aliyemkimbiza, jina moja tu, mengine amwachie yeye. Dokta Nyundo akasema hakuna mtu, Profesa, ni mambo ya maisha tu. Mama Mawe akasema hayo aliambiwa na wale watatu pia, na safari hii hadanganyiki. Akatoka na kofia yake mkononi, akashika njia ya ofisi ya mkuu wa idara, viatu vinalia koridoni. Dokta Nyundo akamkimbilia na kumpata karibu na benchi wanapokaa wanafunzi wakisubiri matokeo.

“Profesa, usiende. Ni wewe.”

“Mimi nimefanya nini?”

“Umeniondoa kambini. Baada ya kambi kuna kikao cha kunithibitisha. Wataniuliza kama nimeongoza, nami sina la kujibu.” Alishusha sauti, lakini hakuacha. “Tangu nijifungue hakuna aliyeniuliza naweza nini. Mnanihurumia tu. Mkuu ananihurumia, hata dereva ananihurumia. Na huruma yako ndiyo nzito kuliko zote, Profesa. Ya wengine naweza kuikataa. Yako nikiikataa nitaonekana sina shukrani.”

Mama Mawe alikaa kwenye benchi la wanafunzi. Wakamjia akilini wale watatu. Yule wa benki alikuwa na mimba changa, anatapika kila asubuhi. Nani alisema asiende kambini? Yule wa sekondari alikuwa ametoka kuolewa, na ni nani alisema bibi harusi haachwi akalale kwenye hema? Na yule wa migodi hakuwa na mume wala mimba wala mtoto. Alikuwa mwembamba tu, na Mama Mawe alisema baridi ya milimani itamaliza kilichobaki. Miaka yote hiyo alikuwa akiwatafuta wanaume wa kuwalaumu, na kweli hawakukosa makosa yao, lakini mlango wenyewe aliwafungulia yeye, tena kwa upendo. Aliona aibu kubwa, aibu ya kutamani benchi limmeze.

“Unataka nini, mwanangu?” aliuliza, na papo hapo akatambua kwamba swali hilo hajawahi kumuuliza hata mmoja wao.

Kumbe jibu lilikuwa tayari siku nyingi. Dokta Nyundo alitaka kwenda, pamoja na mtoto. Mume wake ni fundi cherehani. Walikwisha kukubaliana kwamba atafunga kibanda chake kwa wiki tatu aje kumlea mtoto kambini. Alihitaji hema kubwa karibu na maji. Asubuhi atapanda mlimani na wanafunzi, mchana atashuka kunyonyesha, na mtu mwingine apokee zamu ya jioni. Ni hayo tu. Mama Mawe alikuwa na vumbi, baridi, mbu na nyoka kwenye ncha ya ulimi. Akavimeza vyote kwa shida, hasa nyoka.

Alipoomba mkutano urudiwe, watu walijiandaa kufokewa. Hakuvua miwani. Alisimama akasema kwamba siku ile alikosea, alimsemea mtu mwenye mdomo wake. Baada ya hapo akakaa. Pale mezani hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosea.

“Kwa kweli,” alianza mkuu wa idara, “mtoto mchanga kambini ni jambo ambalo halijawahi kutokea. Labda mwakani, akikua kidogo.”

“Mwakani nitakuwa kiwandani,” alisema Dokta Nyundo.

Aliyasema bila ukali, akaeleza mpango wake mwanzo mpaka mwisho, hema, zamu, fundi na vyote. Mama Mawe aliikalia mikono yake ili asimsaidie. Mkuu wa idara alitazama dari, akatazama watu wake, mwishowe akauliza hema kubwa la idara liko wapi siku hizi na kama bado lina paa.

Paa lilikuwa limechanika, na hilo ndilo lililompa fundi cheo. Siku ya kwanza wanafunzi walimcheka chini chini, mwanaume amefuata mke wake na kapu la nepi. Siku ya pili mvua ilinyesha. Ikaonekana kwamba mahema mengi ya chuo ni matundu yaliyoshonwa pamoja, na kwamba kambi nzima mwenye sindano ni mtu mmoja. Kuanzia hapo walimpangia foleni. Alishona huku mtoto amefungwa mgongoni, akawaita wote “wateja”, na hakuna aliyecheka tena.

Mchana mmoja Dokta Nyundo alishuka mlimani jasho linamtoka, akaweka nyundo chini, akakaa kwenye kivuli cha lori na kunyonyesha, huku anasahihisha ramani ya mwanafunzi kwa mkono uliobaki. Mama Mawe alikuwa amesimama na birika la chai. Tuseme ukweli, aliona wivu. Aliona furaha pia, lakini wivu ndio uliotangulia, akageuka kidogo akajifanya anatazama mlima.

Kikao cha kuthibitisha kilipokaa, yule mzee aliuliza swali lake. Mkuu wa idara akajibu kwamba ameongoza, tena vizuri, na safari hii hakuna hata hema moja lililovuja. Dokta Nyundo aliwaandikia watu wa saruji kuwashukuru. Mawe yakarudi kwenye kabati lake.

Wiki hiyo binti wa Mama Mawe alipita chuoni kumletea mama yake dawa za macho. Alisimama mlangoni kama kawaida yake, mkoba begani, mtu wa kutoa alicholeta na kuondoka. Mama Mawe hakuweza kujizuia, akamsimulia yote, benchi, fundi, mvua, kivuli cha lori. Binti alisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu.

“Kwa hiyo mtoto alikwenda naye.”

“Alikwenda naye.”

“Mbona mimi hukunichukua?”

Mama Mawe alishika lile jiwe jekundu la mitihani, akalirudisha mahali pake.

“Hakuna aliyeniambia inawezekana,” alisema. “Na mimi sikuuliza. Nilikwenda nikalia nyuma ya mwamba, nikarudi, nikanyamaza.”

“Ulilia?”

“Kila siku.”

Binti akaingia, akaanza kuyaondoa mawe kwenye kiti cha wageni, moja moja, akiyapanga sakafuni, mpaka kiti kikawa kitupu. Akaweka mkoba chini na kukaa.

“Haya,” alisema. “Anza mwanzo.”